Namna ya kumwandalia mhitimu mwenzenu jalada la nishani ya taifa: mwongozo kwa waliosoma Tabora

Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora ilianzishwa mwaka 1922, na mwanzoni ilikusudiwa watoto wa machifu. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, Rashidi Kawawa alipita hapo, na Abdallah Fundikira, aliyekuja kuwa Chifu wa Unyanyembe, alipita hapo pia. Majina hayo hayahitaji mtu wa kuyatetea, kwa kuwa yamo katika vitabu vya historia. Mwongozo huu unawahusu wengine waliokalia madawati yaleyale, au ya Shule ya Wasichana Tabora, ambao wamemaliza ujana wao wakihudumia watu wa Sikonge, Uyui, Kaliua au Ng'ambo pale mjini bila jina lao kufika mbali zaidi ya ofisi ya kata. Naamini kwa dhati kwamba wengi wa watu hao hawakosi kutambuliwa na taifa kwa sababu kazi yao ni ndogo. Wanakosa kwa sababu hakuna aliyeiandika kazi hiyo kwa namna ambayo mgeni akiisoma ataiamini. Uamuzi wa kumtunuku mtu ni wa mamlaka ya nchi, lakini kuiandika kazi yake ni wajibu wetu sisi tuliosoma naye.

Hatua ya 1: Fahamuni mnaomba nini

Nishani na tuzo si kitu kimoja. Nishani za taifa hutunukiwa na Rais kwa niaba ya Jamhuri ya Muungano. Miongoni mwake imo Nishani ya Mwenge wa Uhuru, ambayo ina madaraja, na zimo nishani za kumbukumbu, kama zile alizotunuku Rais Jakaya Kikwete mwaka 2014 Muungano ulipotimiza miaka 50. Tuzo za kisekta, kwa upande mwingine, huendeshwa na wizara na taasisi, na kila moja hutoa tangazo lenye vigezo vyake, fomu yake na tarehe yake ya mwisho. Ikiwa mtu wenu anafaa kwa tuzo yenye tangazo, fuateni tangazo hilo neno kwa neno, hata pale litakapopishana na mwongozo huu.

Inafaa pia kutazama nchi ambazo wananchi wamezoea kupendekezana. Nchini India, tuzo za Padma zilizoanzishwa mwaka 1954 humruhusu raia yeyote kumpendekeza mwenzake, na hata kujipendekeza mwenyewe, ila maelezo ya sifa hayatakiwi kuzidi maneno 800. Nchini Australia, ambako mfumo wa sasa wa nishani ulianza mwaka 1975, mtu yeyote anaweza kumpendekeza mwingine, na anayependekeza huombwa ataje watu wanaoweza kuthibitisha aliyoyaandika. Nchi hizo mbili ziko mbali na Tabora kwa kila hali, lakini mambo mawili zinazoyadai, yaani ufupi na uthibitisho, ndiyo yanayokosekana katika mapendekezo mengi yanayoandikwa kwetu.

Hatua ya 2: Undeni kamati ndogo

Umoja wenu wa waliosoma Tabora uwe umesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, ili barua yenu iwe na nembo, muhuri na watu wanaowajibika kwayo. Kamati ya watu watano inatosha. Wachanganyeni wa miaka tofauti, na mmoja wao awe hamjui kabisa anayependekezwa, maana huyo ndiye atakayeuliza maswali ambayo marafiki hawayaulizi. Ndugu wa damu, mkwe au mwajiriwa wa anayependekezwa ajitoe mapema, na kujitoa kwake kuandikwe katika muhtasari wa kikao.

Hatua ya 3: Mchagueni mtu kwa kazi, wala si kwa cheo

Hapa ndipo umoja mwingi huteleza. Mkutano ukifunguliwa, jina la kwanza kutajwa huwa la mtu mwenye gari kubwa aliyetoa mifuko ya saruji wakati wa mahafali. Mchango huo ni wa heshima na ushukuriwe kwa barua nzuri, lakini huduma kwa jamii hupimwa kwa mambo mengine. Jiulizeni kama kazi hiyo aliifanya nje ya majukumu aliyolipwa mshahara. Kama aliifanya kwa muda wa kutosha kupita misimu mibaya na mizuri. Kama walionufaika wanaweza kuonyeshwa kwa kidole. Na kama kazi hiyo ingesimama endapo yeye angeondoka kesho. Swali hili la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine yote. Mtu aliyejenga kitu kinachomtegemea yeye peke yake amesaidia, ila aliyewafundisha wengine kukiendesha amehudumia.

Mwalimu aliyefundisha vizuri kwa miaka thelathini anastahili heshima, lakini njia yake iliyonyooka zaidi ni kutambuliwa kwa utumishi kupitia mwajiri wake. Mwalimu huyohuyo akiwa, baada ya vipindi, aliwakusanya kina mama wa mtaani akawafundisha kusoma na kuandika bila malipo, hapo mna jambo la kuandika.

Msimsahau aliyeishia njiani. Yupo aliyeondoka kidato cha pili kwa kukosa ada au kwa kufiwa na wazazi, akarudi kijijini na kufanya makubwa kuliko sisi tuliofika kidato cha sita. Huyo ni wetu, na katiba ya umoja ikisema vinginevyo, naona ni katiba inayopaswa kurekebishwa.

Kabla ya kupitisha jina, watu wawili wa kamati wafike kijijini au mtaani kimya kimya kusikiliza. Waulize kama kuna mgogoro wa ardhi ya kisima, fedha za kikundi zisizo na maelezo, au kesi iliyo mahakamani. Iwapo anayetajwa anajiandaa kugombea uongozi wa kisiasa, liahirisheni jina lake hadi uchaguzi upite, kwa sababu jalada zuri likichanganywa na kampeni huharibika lote.

Hatua ya 4: Ombeni ridhaa yake

Australia humshauri anayependekeza asimwambie anayependekezwa, ili asivunjike moyo jibu likiwa hapana. Kwa mazingira yetu nashauri kinyume. Mtakusanya habari za maisha yake, mtapiga picha nyaraka zenye jina lake, mtazungumza na majirani zake. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zishughulikiwe kwa misingi halali na kwa uwazi. Zaidi ya sheria, ni adabu. Mtu mzima hachunguzwi nyuma ya mgongo wake.

Waende wawili, mmoja akiwa wa rika lake au aliyesoma naye bweni moja. Wakishaamkia na kuulizana habari za nyumbani na za shamba, waseme wazi: "Mama, hatukuja kukuahidi nishani, kwa kuwa si sisi tunaoitoa. Tumekuja kukuomba ruhusa tuiandike kazi uliyoifanya, ili wenye kuamua waisome." Kauli hiyo ya kutoahidi irudiwe mara ya pili kabla ya kuaga, na mbele ya watoto wake kama wapo, kwa maana habari ya nishani husambaa mtaani kabla chai haijapoa. Akikubali, atie sahihi fomu fupi ya ridhaa inayotaja mtakusanya nini na nani atakayesoma. Akikataa, basi. Wapo waliokataa kwa sababu za imani au za unyenyekevu tu, na kuwalazimisha ni kuwavunjia heshima ileile mliyotaka kuwapa.

Hatua ya 5: Kusanyeni ushahidi

Hatua hii itakula muda kuliko nyingine zote zikijumlishwa, na ndiyo inayolibeba jalada. Tuchukue mfano wa kubuni wa muuguzi mstaafu, aliyesoma Wasichana Tabora, ambaye baada ya kustaafu alirudi kijijini kwao wilayani Sikonge, akawahamasisha kina mama wenzake kuchanga hadi wakapata kisima cha pampu ya mkono, kisha akaanzisha utaratibu wa kuwasindikiza wajawazito kwenda zahanati. Watu watawaambia mengi mazuri juu yake. Kazi yenu ni kuyatafutia karatasi.

Anzieni ofisi ya mtendaji wa kijiji. Mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji ndiyo inayoonyesha ni lini wazo la kisima liliwasilishwa, nani aliliwasilisha, nani alilipinga na kijiji kiliamua nini. Ombeni kwa barua kuuona muhtasari husika, mpige picha ukurasa wote pamoja na orodha ya mahudhurio, na mtendaji agonge muhuri kwenye nakala mtakayoichapisha.

Kisha nendeni kwa mtunza fedha wa chombo cha watumia maji. Huko mtakuta daftari, mara nyingi la mistari, lenye jalada lililofifia, ambamo kila kaya imeandikwa pamoja na kiasi ilichotoa na sahihi au alama ya dole gumba. Lisomeni taratibu. Wino ukibadilika kutoka bluu kwenda mweusi, ulizeni, kwani huenda ndipo mtunza fedha alipobadilika. Kurasa zenye mapengo zinasema ukweli wa mwaka wa njaa au mwaka ambao pampu iliharibika. Msipige picha ukurasa uliojaa tu na kuuacha ule wenye mapengo. Msomaji wa mbali huamini zaidi daftari lenye miezi miwili ya kukwama na mwezi wa tatu wa kuanza upya, kuliko daftari ambalo halikuwahi kupata tabu.

Kwa upande wa zahanati, vipo vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma za afya, ambavyo huonyesha idadi ya wajawazito waliohudhuria kliniki na waliojifungulia kituoni. Mwandikieni mganga mfawidhi mkiomba jumla za mwaka peke yake, kabla ya utaratibu kuanza na baada yake. Msiombe wala kukubali kuonyeshwa majina ya wagonjwa, hata akiwa tayari kuwaonyesha. Na idadi ikiwa imepanda, msiandike kwamba yeye ndiye aliyeipandisha. Huenda mwaka huohuo zahanati ilipata mkunga mpya au barabara ilichongwa. Andikeni kilichoonekana, na muuguzi wa zamu aeleze kwa maneno yake mchango wa mama huyo.

Mashahidi wawe wanne au watano, wa aina tofauti. Awepo aliyenufaika, kiongozi wa kijiji, mtaalamu, na, mkimpata, yule aliyepinga mwanzoni. Maneno ya aliyepinga akaja kukubali yana nguvu kuliko sifa za marafiki kumi. Shahidi azungumze kwa lugha iliyo rahisi kwake. Bibi wa Kinyamwezi akieleza kwa Kinyamwezi, andikeni hivyohivyo, mtafsiri kwa Kiswahili, kisha msomeeni akiwa ameketi na mtu anayemwamini, ndipo atie sahihi au dole gumba. Msimpambie maneno. Akisema "alitusumbua mpaka tukachanga", liacheni neno "alitusumbua" pale lilipo.

Picha za zamani zigeuzwe nyuma na kuandikwa kwa penseli laini mwaka, mahali na majina ya waliomo, wakati wenye kukumbuka bado wapo. Picha za simu zisitumwe kama picha za kawaida za WhatsApp, maana hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa ya tarehe. Zitumwe kama hati, au zihamishwe kwa waya. Nyaraka zipigwe mchana, zikiwa zimelazwa juu ya meza, kingo zote nne zikionekana.

Pangeni safari zenu wakati wa kiangazi, mazao yakishatoka shambani. Wakati wa masika barabara nyingi za huko hazipitiki kirahisi, na watu mnaowataka wako mashambani au kwenye tumbaku. Wafugaji wa nyuki nao wana misimu yao ya kuingia porini, kwa hiyo ulizeni kwanza.

Hatua ya 6: Andikeni maelezo ya sifa

Jiwekeeni kikomo cha maneno 800 hata kama hamkuwekewa. Kurasa mbili zinazosomwa zote ni bora kuliko kurasa ishirini zinazofunuliwa. Anzeni na tatizo lilivyokuwa kabla yake, mfuatishe alichofanya, alifanya na nani, na kimebaki nini. Shule itajwe kwa sentensi moja. Hili ni gumu kwetu tunaoipenda shule, lakini jalada ni la mtu, na nafasi inayotumika kuisifu Tabora inaibwa kutoka kwenye kazi yake.

Epukeni maneno ambayo yangeweza kuandikwa juu ya mtu yeyote. "Amekuwa mstari wa mbele katika kuleta maendeleo ya wananchi" ni sentensi isiyo na kosa la kisarufi, na haisemi kitu. Linganisheni na hii, ya yule muuguzi wetu wa mfano: "Kabla ya kisima, kina mama wa kitongoji chake walichota maji kwenye dimbwi wanalotumia pia ng'ombe. Aliitisha kikao cha kwanza chini ya mwembe wa zahanati, wakahudhuria watu saba. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliofuata unaonyesha kwamba hoja yake ilikataliwa. Aliileta tena baada ya mavuno, ikapita." Hapo hakuna sifa hata moja iliyotajwa, lakini msomaji ameshaiona subira yake.

Kila tarakimu iambatane na chanzo chake palepale: daftari la maji, rejista ya shule, barua ya mganga. Kama daftari lina kaya 64, andikeni kaya 64, msizidishe kwa idadi ya watu wa kila kaya ili mfikie "mamia ya wananchi". Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, kwa mpangilio uleule, kwa kuwa tofauti ya herufi moja huweza kukwamisha uhakiki.

Maelezo yakikamilika, msomeeni anayependekezwa sehemu ya matukio ili asahihishe tarehe na majina. Sehemu ya tathmini ya kamati si lazima aione.

Hatua ya 7: Barua na njia yake

Barua ya umoja isizidi ukurasa mmoja, isainiwe na mwenyekiti na katibu, na iorodheshe viambatisho kwa namba. Nashauri ipite ngazi kwa ngazi: mtendaji wa kijiji au mtaa, mtendaji wa kata, mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa wilaya, hadi ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, mkiomba kila ngazi iandike maoni yake na kuisukuma mbele. Njia hii ni ndefu, lakini jalada lenye maoni ya mtendaji anayemjua mtu huyo na ya mkuu wa wilaya aliyekwenda kukiona kisima lina uzito ambao barua iliyoruka ngazi haina. Kila mnapokabidhi, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na muandike namba ya kumbukumbu ya jalada. Katibu wa kamati awe na daftari la ufuatiliaji, aende ofisini mwenyewe kwa upole na kwa kurudia.

Msingoje sikukuu ikaribie. Watu wengi huamka mwezi Novemba wakitaka mtu wao atambuliwe tarehe 9 Desemba, au mwezi Machi kwa ajili ya tarehe 26 Aprili, wakati majina yanahitaji muda mrefu wa kuchujwa na kuhakikiwa. Jalada lililokamilika mwezi wowote lipelekwe mwezi huohuo.

Nishani hainunuliwi. Akitokea mtu akadai "ya kuwezesha" ili jina lipite, msimpe, msimjadili, na mtoe taarifa TAKUKURU kwa namba 113. Mtu aliyeishi kwa uaminifu maisha yake yote hastahili heshima yake ichafuliwe na bahasha ya wapambe wake.

Hatua ya 8: Mtuzeni nyumbani mkiwa mnasubiri

Mcheza kwao hutuzwa, na sioni sababu ya shule kungoja taifa lianze. Muuguzi anaweza kualikwa shuleni Siku ya Wauguzi tarehe 12 Mei, mwalimu tarehe 5 Oktoba, na aliyejitolea kwa namna yoyote ile tarehe 5 Desemba, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kuwa siku ya watu wa kujitolea. Mpeni cheti cha umoja chenye maelezo mafupi ya kazi yenyewe, kisha mpeni nusu saa azungumze na wanafunzi wa kidato cha tano bila kukatizwa na itifaki. Wanafunzi hao wameshasikia sana habari za waliosoma hapo wakawa mawaziri. Wanastahili kusikia pia habari za aliyesoma hapo akarudi kijijini kwao. Cheti hicho na picha za siku hiyo viongezwe katika jalada.

Hatua ya 9: Jibu likija, na lisipokuja

Likija jibu zuri, umoja ugharamie safari ya mhusika na mtu mmoja wa kumsindikiza, hasa akiwa mzee. Treni ya Reli ya Kati hadi Dodoma huwafaa wengi kuliko basi, kwa kuwa mtu anaweza kulala na kunyoosha miguu. Mhakikishe ana dawa zake, kitambulisho halisi na barua ya mwaliko, na kwamba aliyebaki nyumbani anajua nani atawaangalia mifugo. Baada ya hafla, jina lake na picha ya nishani yake visitumike kuchangisha fedha wala kumnadi mgombea bila ruhusa yake ya maandishi.

Lisipokuja jibu, jalada lisifungwe. Nakala moja iwekwe katika maktaba ya shule kwa ridhaa yake, nyingine ibaki kwa katibu, na taarifa nyeti kama namba ya kitambulisho na simu zifutwe katika nakala ya maktaba. Kila mwezi Januari kamati imtembelee, ichukue kurasa mpya za daftari la maji na jumla mpya za zahanati, iziambatishe nyuma zikiwa na tarehe, na iandike barua fupi ya kukumbushia kwenye ofisi iliyopokea mara ya mwisho, ikitaja namba ileile ya kumbukumbu.